Rutundu, Ellis au Alice: ni ziwa gani la Mlima Kenya linalofaa zaidi kuvua trauti pamoja na familia na marafiki?

BabaNeema_Thika (mwanzilishi wa mada)

Salaam kwenu wanajukwaa. Mwezi wa Februari, kabla mvua za masika hazijaanza, tunapanga kupanda Mlima Kenya tukiwa kundi la watu 8: mimi na mke wangu, watoto wetu wawili wenye umri wa miaka 7 na 11, shemeji yangu, na marafiki watatu, wawili kati yao wakiwa hawajawahi kushika fimbo ya kuvulia. Nia yetu ni kuvua trauti, samaki wa maji baridi, wale wa porini, kwa nzi bandia (ndoana iliyofungwa manyoya au nyuzi ifanane na mdudu), tena ziwani na si mtoni. Mito ya Aberdare ninaipenda sana, lakini ni myembamba, imesongwa na vichaka, na kila mvuvi hujikuta peke yake kwenye kona yake. Kando ya ziwa mmoja anaweza kuvua, mwingine akachemsha chai, na watoto wote wakabaki mbele ya macho yetu.

Baada ya kuulizauliza nimebaki na maziwa matatu. Rutundu liko upande wa kaskazini, karibu mita 3,100 juu ya usawa wa bahari, na watu hulifikia kwa gari kutokea Timau. Ellis liko upande wa mashariki, karibu mita 3,450, na njia yake hupitia lango la Chogoria. Alice liko ndani ya kreta (shimo la volkano), juu zaidi ya Rutundu, na sifa zake za samaki wakubwa nimezisikia kwa wengi. Ningependa kujua kutoka kwa waliovua huko: ni lipi mngempelekea mtoto wa miaka 7?

Mlezi_wa_Mito

Ndugu BabaNeema, kwa kundi kama lako ningechagua Rutundu bila kusita, na sababu yangu kubwa si samaki bali ni mahali pa kulala. Kuna vibanda vya mbao vyenye meko, hakuna umeme, na ziwa liko karibu kiasi kwamba mtoto akichoka au akipatwa na baridi anarudishwa ndani bila safari ya watu wote kukatizwa. Usiku baridi ni kali mno. Asubuhi utakuta umande umeganda juu ya majani na pete za fimbo yako zimezibwa na barafu nyembamba, ambayo huyeyuka jua likipanda kidogo. Mtu mzima huvumilia hali hiyo ndani ya hema, lakini mtoto aliyelala vibaya hatavua wala hatawaacha wengine wavue.

Jambo la pili ni kwamba Rutundu linakupa maji zaidi ya aina moja. Wenye uzoefu wanaweza kuteremka kwenye bonde la mto Kazita Munyi asubuhi, wanaoanza wakabaki ziwani, kisha mkakutana jioni. Pia ndiyo kambi ya kutokea kwenda Alice, kwa hiyo hulazimiki kuchagua moja na kulipoteza jingine. Wengi walilisikia jina la Rutundu kwa mara ya kwanza kwa sababu Mwanamfalme William wa Uingereza alimchumbia Kate Middleton huko Oktoba 2010, lakini wavuvi walilijua zamani kabla ya hapo.

Barabara ndiyo kasoro yake. Inahitaji gari linalosukumwa na magurudumu yote manne na dereva anayejua tope la mlimani, na mvua ikinyesha hata gari hilo hukwama.

Mwana_Chogoria

Ninamheshimu Mlezi_wa_Mito, ila kwa maoni yangu Ellis limedharauliwa bure. Faida yake ya kwanza ni namna unavyopanda. Lango la Chogoria liko karibu mita 2,950, na jirani na hapo kuna mabanda ya kukodi pamoja na uwanja wa kupiga hema. Mnalala hapo usiku wa kwanza, mwili unaanza kuzoea, kisha siku ya pili mnapanda polepole hadi ziwani, mnavua, na mkiona mtoto hajisikii vizuri mnateremka kulala pale pale langoni. Mpango huo unakuruhusu kuvua juu na kulala chini.

Faida ya pili wataielewa wale wawili ambao hawajawahi kuvua. Kando ya Ellis pako wazi: majani ya mafungu, vichaka vifupi vya erika na lobelia hapa na pale, bila miti ya kunasa mshipi unaporushwa nyuma. Mtu anayejifunza akitumia siku nzima kunasua nzi wake vichakani, hatarudi tena mlimani. Wasiovua wanaweza kutembea hadi kwenye maporomoko ya mto Nithi, na shemeji yako akiwa mpandaji mzuri anaweza kuendelea hadi juu ya Bonde la Gorges, ambako ataliona ziwa Michaelson likiwa chini kabisa ya majabali.

Kwa upande wa gharama, kulala hemani au kwenye mabanda ya langoni huiachia familia pesa za kutosha kumlipa mpishi na wapagazi, na hao nawaomba msiwaache kwa ajili ya kubana matumizi. Njia ya kutoka mjini Chogoria hupita katika msitu wa mianzi ambako ndovu na nyati ni wa kawaida, kwa hiyo asiwepo mtoto anayetangulia mbele ya mtu mzima, hata kwa hatua chache.

Muuguzi_Nyeri

Naomba nizungumzie mwinuko peke yake, kwa kuwa nyote mnaugusa na kuupita. Nanyuki iko karibu mita 1,950. Ukitoka hapo asubuhi kwa gari na jioni ukamlaza mtoto kwenye mita 3,100, umempandisha zaidi ya mita 1,100 kwa siku moja, na mwili wake haukupata nafasi yoyote ya kuzoea. Mkichagua Rutundu, laleni kwanza Nanyuki au, bora zaidi, Timau ambako ni juu kidogo, na siku ya kufika msiwapeleke watoto matembezi yoyote. Mtoto wa miaka 7 hawezi kueleza kwamba kichwa kinamuuma kwa sababu ya mwinuko. Utaona tu kwamba amekataa chakula, amenyamaza, anataka kubebwa, au anatapika. Hapo mzazi asisubiri kukuche, na asimpe dawa ya maumivu halafu akaendelea kuvua. Dawa ya hali hiyo ni kuteremka.

Kwa sababu hiyo hiyo naona Alice lisiwe sehemu ya mpango wa watoto kabisa. Watu wazima waende asubuhi na kurudi, na mzazi mmoja abaki.

Maji nayo ni baridi kiasi cha kumkata mtu pumzi akianguka ghafla. Mtoto yeyote aliye ukingoni avae jaketi la kuokolea, hata kama hamtapanda boti.

Mzee_wa_Kiganjo

Wanangu, mmeyasema vyema mambo ya barabara na malazi. Mimi nitasema juu ya samaki mwenyewe.

Trauti si samaki wa asili wa mlima huu. Wa kahawia waliletwa nchini mwaka 1905, mayai yakiwa ya ukoo wa ziwa Loch Leven huko Uskoti, na mlowezi Ewart Grogan ndiye aliyewapandikiza katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Wale wa upinde wa mvua, ambao ndio mtakaowapata Rutundu na Alice, walifuata baadaye, na tangu mwaka 1948 kituo cha Kiganjo kimekuwa kikiangua vifaranga kwa ajili ya mito na maziwa yetu. BabaNeema anataka trauti wa porini, na ninamuunga mkono, ila ajue kwamba trauti hutaga kwenye changarawe safi inayopitiwa na maji yanayotembea. Ziwa lenye kijito kizuri hujizalia samaki wake, na hupata wengi wa ukubwa mbalimbali. Ziwa ambalo samaki hawana mahali pazuri pa kutagia huwa na wachache, nao wachache hao wakipata chakula kingi hunenepa sana. Ndiyo maana mvuvi wa Alice anaweza kukaa kutwa nzima bila kuguswa, kisha jioni akapambana na samaki ambaye hatamsahau.

Uvuvi wenyewe pia ni tofauti. Mtoni trauti husimama mahali pake, akielekea mkondo, na wewe unampelekea chakula. Ziwani yeye ndiye anayetembea, akizunguka ukingoni na kwenye mipaka ya majani ya majini, kwa hiyo msikimbilie kutupa mbali katikati ya ziwa na kuwatisha walio miguuni mwenu. Mfundishe mtoto hivi: simama hatua kadhaa nyuma ya ukingo, rusha nzi aangukie pale kina kinapoanza, hesabu polepole mpaka azame, kisha vuta mshipi kwa vidole, kipande cha urefu wa kiganja, pumzika, vuta tena. Tunutu wa kerengende, yaani watoto wake wanaoishi majini, hutambaa hivyo hivyo chini ya maji, na trauti wa maziwa ya mlimani huwafahamu sana. Nzi mweusi aitwaye Kenya Bug, au Woolly Bugger wa rangi ya zeituni, atatosha kwa safari nzima. Upepo ukivuma, watu wengi hugeuka kuukwepa, lakini ukingo unaopigwa na mawimbi ndio unaokusanya wadudu, na samaki hufuata huko.

Mhamiaji_Edinburgh

Shikamoo Mzee. Ninaishi Uskoti, karibu na Loch Leven uliyoitaja, na ningependa kuongeza jambo moja kutoka huku. Loch Leven yenyewe ni ziwa pana ambalo watu huvua wakiwa ndani ya boti inayosukumwa na upepo, jambo linalowafaa watu wazima wawili wenye subira. Familia nyingi ninazozifahamu hupenda zaidi kwenda kaskazini, Assynt, ambako kuna vijiziwa vingi vya vilimani vyenye trauti wa kahawia wadogo, wa porini kabisa, na kibali hutolewa na chama cha wavuvi wa eneo hilo. Samaki ni wa urefu wa kiganja na nusu tu, lakini huuma mara kwa mara. Mtoto aliyepata samaki wadogo watatu kabla ya chakula cha mchana huomba kurudi. Aliyeambiwa asubiri samaki mkubwa kutwa nzima huanza kurusha mawe majini, naye yuko sahihi kabisa kufanya hivyo.

Kwa kipimo hicho, Alice linatoka, na ushindani unabaki kati ya Rutundu na Ellis. Ningemuuliza askari wa wanyamapori au mpagazi aliyefika huko majuma machache yaliyopita ni wapi samaki wadogo wanaonekana wakiruka jioni.

BabaNeema_Thika

Ahsanteni sana, na Muuguzi hasa, kwa kuwa sikuwa nimeuhesabu mwinuko wa siku ya kwanza. Mke wangu amesoma majibu yote na anaegemea Rutundu kwa ajili ya meko, tukilala kwanza Timau, huku shemeji na rafiki mmoja wakienda Alice siku moja. Ellis tutaliacha mpaka mdogo akue kidogo. Limebaki suala la vibali na fimbo: je, watu 8 wanahitaji fimbo 8?

Mlezi_wa_Mito

Hapana, fimbo 4 zinatosha, kwa sababu anayefundishwa na anayemfundisha wanapaswa kushirikiana fimbo moja. Chukueni za urefu wa futi 9, namba 5 au 6 (namba huonyesha uzito wa mshipi unaoifaa fimbo), ambazo huhimili upepo wa mchana. Kwa mtoto wa miaka 7 tafuta iliyo fupi na nyepesi, na mtupo wa kuviringisha mshipi mbele bila kuurusha nyuma utamtosha. Kila mtu avae miwani na kofia, hata asiyevua, maana ndoana ya mwanafunzi haichagui. Kabla ya kuanza, bana kwa koleo kijino cha kila ndoana (kile kinachoizuia isichomoke), ili samaki atolewe kwa urahisi na ili ikimwingia mtu itoke bila kuchana. Unapomwachilia samaki, lowesha mikono kwanza, umshike akiwa majini, na usimkamate kwenye mashavu.

Kiingilio cha hifadhi hulipwa KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) kwa njia ya mtandao kabla ya safari, na kibali cha kuvua ni cha peke yake, hakimo ndani ya kiingilio. Kila atakayeshika fimbo awe nacho, na masharti ya idadi ya samaki unaoruhusiwa kuchukua yasomwe kabla hamjapika yeyote. Chambo hai, minyoo na vijiko vya chuma (chambo bandia vinavyong'aa majini) viachwe nyumbani.

Wiki moja kabla ya kuondoka, andika hapa utakuwa unatumia gari gani, nami nitakueleza kama linafaa kwa barabara ilivyo wakati huo.