Wajukuu zangu wamezaliwa Mwanza lakini ziwa wanaliogopa, niwafundishe kuogelea au niache? Naomba ushauri

Mama Igombe:

Habari zenu wakuu, mlionitangulia shikamooni. Mimi ni mama wa miaka 58, nimezaliwa na kukulia Igombe, huku ukishapita uwanja wa ndege wa Mwanza unanyoosha na barabara mpaka unakutana na maji. Saizi nimerudi kukaa kwenye nyumba ya wazazi maana wote wametangulia na nyumba ilikua inabaki tupu.

Binti yangu yuko Kiseke na mume wake na watoto watatu, wa miaka 11, wa 9 na wa 6. Likizo ya mwezi wa 6 wakaletwa kwangu. Siku ya nne nikawachukua asubuhi twende mwaloni nikanunue dagaa, huku naongea na muuzaji yule wa 9 akapanda kwenye jiwe lenye utelezi akaingia majini. Wakuu, maji yalikua yanamfika kifuani. Kifuani tu! Angesimama yangeisha hapo. Lakini mtoto alikua anapigapiga mikono, anameza maji, macho yamemtoka, mpaka kijana mmoja aliyekua anaparua sato akaacha kisu akaingia akamnyanyua kwa mkono mmoja. Na yule dada yake wa 11 alibaki juu ya jiwe analia, hajui hata amnyooshee kitu gani mwenzie.

Usiku ule sikulala. Sio kwa sababu ya hofu peke yake, nilikua najiuliza imekuaje damu yangu mimi ikaogopa maji ya kifuani.

Sisi hakuna aliyefundishwa kuogelea, yaani sikumbuki siku ambayo nilikua sijui. Alfajiri tunashuka na madebe, debe la kwanza la kupikia, la pili la kuoga baba, la tatu ukishalifikisha ndio una ruhusa ya kurudi kuoga mwenyewe. Jioni tunarudi na vyombo, sufuria tunasugua kwa mchanga mpaka unajiona uso, wadogo tunawaacha maji ya magotini na mmoja wa kuwaangalia kwa zamu, wakubwa wanaenda mpaka kwenye jiwe lililokua limesimama peke yake mbali kidogo, ukilifikia lile jiwe na kurudi basi hakuna tena wa kukuita mdogo. Mimi nililifikia nikiwa darasa la pili na mama yangu amekufa hajui. Tulikua tunavua furu kwa pini iliyokunjwa na nyungunyungu, tunawabanika pale pale, wale furu wenye kila rangi ambao miaka ya 80 sangara alivyojaa walituishia hivi hivi tunaona. Usiku ukikaa nje unaona karabai za wavuvi wa dagaa zimepangana utadhani kuna mji mwingine kule katikati, ila mwezi ukiwa mkubwa ziwa linakua giza maana dagaa hawaifuati taa kukiwa na mbalamwezi, kwahiyo baba anakuwepo nyumbani. Siku za kuwa na baba tulikua tunazihesabu kwa mwezi.

Sasa nilipompigia binti yangu nikamwambia kilichotokea na nikamwambia nataka niwafundishe kuogelea hawa watoto kabla likizo haijaisha, akaja kuwachukua siku hiyo hiyo. Akasema mama hizo ni zama zenu, watoto wangu wana bomba ndani, hawana shida na ziwa. Na desemba kasema hawaji.

Naombeni ushauri, nisisitize au ninyamaze? Inawezekana ni uzee tu unanifanya nione kila kitu cha zamani ndio sahihi, niambieni ukweli.

Mzawa wa Nansio:

Shikamoo mama. Mimi ni mtu wa Ukerewe, kwetu kila safari ni ya maji, ugonjwa maji, harusi maji, msiba maji. Kile kivuko cha MV Nyerere tarehe 20 septemba 2018 kilipinduka kikiwa kinakaribia kabisa gati ya Ukara, watu nchi kavu wanakiangalia, na wakafa zaidi ya 200. Tangu siku hiyo mtu akiniambia mtoto wa kanda ya ziwa hana haja ya kujua maji simuelewi. Ana bomba ndani sawa, hatapanda kivuko? Hataenda na wenzie ufukweni akiwa form two bila kuaga? Sisitiza mama.

Nesi Mstaafu:

Mama mwenzangu nakuelewa, mi ni umri wako na nimefanya kazi vituo vya afya vya pembezoni mwa ziwa miaka mingi, naomba nikuongezee kitu kimoja ambacho sijaona kwenye maelezo yako. Kichocho.

Wakati wetu tulikua tunakiona kawaida. Mtoto anaharisha damu, tumbo linavimba, watu wanasema minyoo. Huku ziwani kilichojaa ni kichocho cha tumbo, kinaenda taratibu kwenye ini na bandama, mtu anakuja na miaka 40 anatapika damu na chanzo chake ni maji aliyooga akiwa mtoto. Nimewaona wengi na baadhi tulicheza nao. Kwahiyo tunapokumbuka ziwa tukumbuke na hao.

Vimelea vinatoka kwenye konokono wadogo wanaopenda maji yaliyotulia yenye majani majani, na vinatoka zaidi jua likishakua kali, kuanzia asubuhi iliyokomaa mpaka mchana. Sehemu yenye mchanga mtupu na mawimbi hatari ni ndogo kuliko kwenye magugu ila sio kwamba haipo, asikudanganye mtu kwamba ukijifuta na taulo umepona. Dawa ipo, praziquantel, inatolewa kwa uzito na mtu awe amekula, mashuleni huku kwetu watoto wanapewa. Lakini haiui vile vimelea vichanga, kwahiyo mtoto akiingia ziwani leo ukampa dawa kesho haijasaidia sana, subiri kama wiki 6 mpaka 8 ndio apelekwe kituoni.

Mimi ningekua wewe ningewafundishia kwenye bwawa la hoteli. Kuelea ni kuelea.

Baba Wawili:

Shikamoo mama yangu. Mi nitaongea kama mzazi wa umri wa binti yako. Usije ukawafundisha kwa siri, tafadhali. Mama yangu mzazi aliwahi kumpa mwanangu dawa ya kienyeji kwa nia nzuri kabisa bila kutuambia na ilichukua miaka miwili mke wangu kukubali mtoto alale kwa bibi yake. Hata ukiwa na haki, wale ni watoto wa wenzio.

Alafu ulivyoandika kuhusu lile jiwe nimesoma mara mbili. Ila mama, pale mlikua watoto kumi na mnaangaliana kwa zamu, kuna wakubwa wanajua kila mtoto ni wa nani. Leo ukiwapeleka wajukuu wako watatu nani anashika zamu? Wewe peke yako na miaka 58?

Kamongo:

Naunga mkono bwawa. Na ukienda ziwani au kwenye mtumbwi vaa laifu jaketi hata kama unajua kuogelea, wavuvi wetu wengi hawavai wanaona inawabana.

Kijana wa Igoma:

Shikamoo mama. Mimi nimekulia Igoma karibu na makaburi ya pamoja ya MV Bukoba, ile meli iliyozama 1996, kila tarehe 21 mei tunaona watu wanakuja na maua. Baba yangu mdogo yumo mle. Na alikua anaogelea kuliko mtu yeyote kwenye ukoo, mzaliwa wa pwani ya Bukoba, ila alikua ndani. Meli ilipogeuka juu chini ilielea muda mrefu na watu walikua wanasikika wanagonga bati kwa ndani. Kuogelea kungemsaidia nini? Kwahiyo wafundishe lakini usiwaambie kwamba wakijua kuogelea hawafi. Waambie pia meli ikijaa kupita kiasi washuke hata kama wameshalipa nauli.

Nina swali mama, samahani kama linakera. Huyo binti yako mwenyewe anajua kuogelea? Ulimfundisha?

Mama Igombe:

Asanteni sana wanangu, wabeja. Nesi nimekusoma na nimenyamaza muda mrefu, dada yangu wa kwanza alifariki akitapika damu na sisi mpaka leo tunasema alirogwa. Baba Wawili hilo la kumi na zamu sikuwahi kuliwaza, ni kweli nilikua naona maji tu, sioni wale waliokua wananiangalia.

Kijana wa Igoma umenishika pabaya. Hapana, hajui.

Ngoja niseme ukweli. Mwaka 1996 tulikua tumehamia Nyakato, binti yangu ana miaka 9. Ile wiki ya Bukoba mji wote ulikua unanuka huzuni, mume wangu alikua anaenda kila siku uwanja wa Nyamagana kuangalia maiti kutafuta jamaa yake wa kazini. Miezi kadhaa baadae tukaja Igombe kusalimia, nikamkuta binti yangu kwenye maji ya magotini na watoto wa jirani, wanacheka. Nilimtoa nikamchapa mbele yao wote. Nilimchapa sana, na nikamwambia nikikuona tena ziwani utakua sio mwanangu. Hakurudi tena majini na mimi wala sikukumbuka kumwambia kwamba yale maneno yalikua ya hofu.

Kwahiyo hii miezi nimekua nasema watoto wa siku hizi wanaogopa, wamelelewa ndani, kumbe uoga huu nimeupanda kwa mkono wangu.

Kijana wa Igoma:

Pole sana mama. Anza na yeye basi, wajukuu baadae.

Nesi Mstaafu:

Nakubaliana na kijana. Na wewe mwenyewe nenda kapime, umekunywa na kuoga maji hayo miaka 20.

Mama Igombe:

Nimerudi kuwapa mrejesho. Nilienda Kiseke jumapili, nikasubiri mkwe atoke na watoto, nikamkumbusha binti yangu ile siku niliyomchapa. Nilidhani kasahau. Akaniambia mpaka nguo niliyokua nimevaa, kitenge cha bluu. Nikamuomba msamaha, hakusema kitu, akainuka akaenda kuangalia wali jikoni na akakaa huko muda mrefu.

Usiku akanipigia. Hajakubali watoto waje desemba, hilo bado. Ila kaniuliza lile bwawa linafunguliwa saa ngapi jumamosi, na kama kuna muda ambao hakuna wanaume, maana anataka aende yeye kwanza na mimi niwe nimeshika mkono. Nimempata mwalimu mmoja wa kike, kasema njooni saa 2 asubuhi. Sasa natafuta nguo ya kuogelea ya mtu wa umri wangu, kwa hapa mjini inapatikana duka gani? Zamani tuliingia na gauni tu.