Harry bila Henry, linatosha kwenye cheti?

Jamani, naombeni ushauri. Tunatarajia mtoto wa kiume, na mimi na mume wangu tumelipenda jina Harry. Si Henry, ambalo wengi hulifupisha kuwa Harry; Harry tu, na ndivyo tunavyotaka liandikwe kwenye cheti cha kuzaliwa. Mama mkwe hataki kusikia. Anasema hilo ni la kumbembelezea mtoto, akishaota ndevu nani atamheshimu? Mimi kila nikilitamka pamoja na jina la babake naona limekaa. Au namnyima mwanangu kitu?

Jibu: Humnyimi chochote, dada. Harry Truman, rais wa Marekani 1945 hadi 1953, alipewa Harry tangu kuzaliwa. Hakuwa Henry.

Jibu: Mimi niko na mama mkwe. Jimmy Carter aliandikwa James, na 1977 akaapishwa urais wa Marekani kwa jina la Jimmy. Alikuwa na yote mawili, akachagua mwenyewe. Mwachieni mtoto nafasi hiyo.

Jibu: Naitwa Tony kwenye vyeti vyote. Heshima haijawahi kunisumbua. Kinachosumbua ni makarani: unataja jina, anakuuliza "lile kamili?", mwingine anajiandikia Anthony bila kuuliza, kisha hati mbili hazilingani na kuzirekebisha ni kazi. Mfundisheni kusoma kila fomu kabla ya kusaini.

Muulizaji: Asanteni sana. Hilo la makarani sikuliwaza kabisa. Harry linabaki, ila mama mkwe nitamwomba achague jina la pili, refu atakavyo.