Kipakatalishi hakiamki kikilala huku function_graph ikifanya kazi

Muulizaji, Mkomani, Lamu
Assalamu alaykum. Ninachunguza kiendeshi cha modemu ya USB katika Linux, na kwa kuwa hitilafu yake hujitokeza mara chache, huiacha function_graph, zana ya Linux ya kufuatilia fanksheni zinavyoitana ndani ya kerneli (kiini cha mfumo), ikirekodi mchana kutwa. Kila nikifunika kipakatalishi gatini ili nivuke kwenda Mokowe, nikikifunua ng'ambo hukuta feni inazunguka na kioo ni cheusi, nikalazimika kukizima kwa kubana kitufe. Nimejaribu kuandika 0 katika tracing_on, faili la kusimamisha kurekodi, kabla ya kukifunika, lakini hali ni ileile. Je, niamini kwamba zana hii haihusiki?

Jibu, Malindi
Waalaykumu salaam, ndugu yangu. La, jaribio hilo halithibitishi lolote, kwa sababu tracing_on huzuia tu rekodi zisiingie katika bafa (hifadhi ya muda ya rekodi), ilhali minaso iliyotegwa kwenye fanksheni za kerneli hubaki palepale na huendelea kuitwa, hata wakati viini vya prosesa vinapozimwa na kuwashwa tena. Zana huondoka unapoandika nop, yaani bila zana yoyote, katika current_tracer, faili la kuchagua zana ya kufuatilia.

Hata hivyo, usiihukumu kabla ya kuipima. Faili la /sys/power/pm_test huwezesha kuilaza mashine nusu: andika humo freezer, kisha devices, platform, processors na core, na kila mara uandike mem katika /sys/power/state, ambayo ndiyo amri ya kulala; kerneli itafika hatua hiyo, isubiri sekunde 5, irudi. Fanya hivyo mara moja kwa function_graph na mara nyingine kwa nop, na ukimaliza urudishe none, usije ukashangaa mashine inaamka yenyewe. Faili la pm_trace liache liwe la mwisho, maana huandika alama zake ndani ya saa ya mashine. Mimi nililitumia, nikajikuta nina mafaili ya mwaka usiofika.

Muulizaji
Ahsante. Kwa nop hatua zote 5 zimepita; kwa function_graph imegandia processors. Nitaweka skripti ya kuandika nop katika /usr/lib/systemd/system-sleep, folda ya skripti zinazoitwa mashine inapolala na inapoamka.

Jibu, Shela
Subiri kidogo, kaka. Kubadilisha current_tracer hufuta yote yaliyomo katika bafa, kwa hiyo ungepoteza rekodi za mchana mzima kwa safari fupi ya boti. Skripti inapoitwa kwa neno pre (kabla ya kulala), inakili kwanza faili la trace kwenye diski, ndipo iandike nop. Inapoitwa kwa neno post (baada ya kuamka), irudishe function_graph. Usisahau kuipa ruhusa ya kutekelezwa. Vilevile chagua boot katika trace_clock, faili la kuchagua saa ya rekodi, kwa kuwa saa hiyo huhesabu hata muda ambao mashine imelala, nawe utaweza kuoanisha rekodi za kabla na za baada ya kuvuka.

Hiyo kasoro ya processors bado ipo. Jaribu kerneli mpya zaidi, na ikiendelea kuganda, wapelekee watunzaji wa kerneli matokeo hayo ya pm_test.