Naomba ushauri: tundu la chaji la laptop limelegea, nipo Moshi

Habari zenu wakuu. Laptop yangu ni Dell, ile ya chaja ya duara yenye pini nyembamba katikati, volti 19.5. Tundu la chaji linacheza. Nikiukunja waya upande mmoja inapokea, ukiguswa kidogo tu inakata, na pale panapata moto hadi naogopa kuiacha nikalale. Wakati mwingine inawaka kwa umeme lakini betri haijai, inaandika kwamba chaja haitambuliki. Pini ya katikati ndiyo inayoitambulisha chaja, kwa hiyo nahisi haigusi vizuri. Chaja nimeijaribu kwenye mashine ya jirani, ni nzima.

Fundi mmoja hapa mjini kasema lazima abadilishe bodi nzima, yaani ule ubao mkuu wa umeme wa ndani. Mwingine, wa simu, anasema anapiga lehemu tu palepale. Sasa, ziko laptop ambazo tundu lina kijiwaya chake kinachochomekwa kwenye bodi, unabadilisha bila lehemu. Nyingine limechomelewa kwenye bodi yenyewe. Nitajuaje yangu ni ipi kabla sijamkabidhi mtu aifungue? Na ikiwa ni ya kuchomelea, lehemu inadumu kweli?

Nachapa mitihani na barua za watu, hiyo mashine ndiyo inayolipa kodi ya chumba. Anayemjua fundi makini Moshi anielekeze, hata Arusha nitapanda Coaster niifuate. Na bei ya haki ni kiasi gani? Asanteni sana.