Wana wa Bibi Mwanaidi 🌴

*Zuhura* 06:12
Asalaam alaikum. Leo nataka majibu, dole gumba sitaki. Pensheni ya Babu haijaingia tangu Ramadhani. Benki wanasema akaunti iko hai, ila Hazina hawajaleta. Kasimamishwa kwa sababu hakwenda kwenye uhakiki.

*Zuhura* 06:14
Aende mwenyewe Hazina Ndogo Tanga, na NIDA, barua ya pensheni, hati ya kustaafu jeshi, kadi ya benki, picha. Karatasi ziko kwa nani?

*Zuhura* 07:40
Naona tiki za bluu. Mmesoma nyote.

*Hamisi* 07:52
Da Zuhura ungekuwepo 1978, Amin asingevuka hata Mutukula 😂😂

*Mwanahamisi* 07:53
😂😂😂

*Zuhura* 07:53
Hamisi, karatasi.

*Hamisi* 07:55
Mimi niulizeni Simba na Yanga

*Shangazi Tatu* 08:30
Zilikuwa kwenye begi la ngozi. Begi alichukua Salimu akatoe kopi. Zaidi ya hapo sisemi, nisije kuambiwa nimeanza.

*Ba'mdogo Salimu* 09:05
Umeshaanza dada. Begi nilirudisha siku ya arobaini ya Mama, mbele za watu. Kama tunaulizana vilivyopotea, tuanze na mabati.

*Shangazi Tatu* 09:06
Mabati na pensheni wapi na wapi?

*Ba'mdogo Salimu* 09:06
Wewe unajua.

*Zuhura* 09:10
Naombeni mabati yasubiri. Babu dawa za presha anakopa.

*Rama Mwanza* 11:21
Na Babu Mdogo je? Si naye alikwenda vitani?

*Zuhura* 11:30
Alikwenda kama mgambo. Vita ilipoisha Babu akabakizwa jeshini, yeye akarudi kulima. Pensheni hana. Ila kashapita 60 na hajiwezi, matibabu bure ni haki yake. Kitambulisho cha wazee tuanzie kwa afisa ustawi wa jamii. Halafu twende kwa Mshauri wa Mgambo wa wilaya tuulize kama jina lake lipo popote. MUWAWATA, umoja wa wanajeshi wastaafu, nao wanazijua hizi njia, natafuta mtu wa tawi.

*Rama Mwanza* 11:34
Inaniuma hii. Pale Lukaya, Uganda, Machi 1979, Brigedi ya 201 karibu wote walikuwa mgambo, na ndio waliokutana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Mwezi uliofuata Kampala ikaanguka. Leo aulizwe kama jina lipo?

*Hamisi* 11:35
Mwalimu Rama kengele ya mapumziko saa ngapi 🔔

*Zuhura* 11:41
Gari ya kukodi Korogwe–Tanga kwenda na kurudi. Kila mtu elfu ishirini.

*Mwanahamisi* 13:02
Kwani mabasi yameisha?

*Zuhura* 13:03
Mguu wa Babu haukunjiki tangu vitani Masaka. Kwenye siti za tatu kwa mbili atauweka wapi, kichwani kwa kondakta?

*Hamisi* 15:17
Niko hapa kwa Babu, nimemsomea yote. Kasema niandike kama alivyosema, nisiongeze:

"Nimesikia begi, nimesikia mabati. Begi liko uvunguni mwa kitanda changu, Salimu alilileta. Barua ya pensheni ndiyo haimo. Hakuna aliyeniuliza. Mwishoni mwa 1978 mimi na mdogo wangu tulipanda lori moja. Masaka tulilala handaki moja. Mkinipeleka Tanga peke yangu siendi, na hiyo pensheni waache nayo."

*Shangazi Tatu* 15:31
Ujumbe huu umefutwa

*Ba'mdogo Salimu* 15:40
Alhamdulillahi. Wenye macho wasome.

*Zuhura* 16:02
Shikamoo Babu, tumekusikia. Watakwenda wote wawili. Barua ikikosekana tunaanza polisi, tuchukue taarifa ya upotevu. Jumatano au Alhamisi?

*Ba'mdogo Salimu* 16:20
Gari natoa mimi. Mafuta mchange. Ila siti ya mbele ni ya Baba, kuna watu wanaipenda sana.

*Zuhura* 16:21
Ba'mdogo tafadhali 🙏 Jumatano?

*Rama Mwanza* 18:45
Nimetuma 10,000, nyingine mwisho wa mwezi.

*Zuhura* 18:50
Imeingia. Hamisi, hati ya jeshi imo kwenye begi? Ipige picha, pande zote mbili. Na Babu Mdogo ana kadi ya NIDA au namba tu?

*Zuhura* 20:15
Hamisi?

*Hamisi* 21:30
Nipo mpirani dada

*Mwanahamisi* 22:48
Samahani, hiyo ishirini ni ya Babu peke yake au wote wawili?