Maziwa yanakatika kila nikipika chai, na mgeni yupo ndani. Naombeni ushauri

Baba Wawili
Wakuu, habari za asubuhi. Natafuta mtu anayejua kupika chai ya maziwa kwa majani, siyo vile vipakiti vya kuchovya. Kila nikipika, maziwa yanakatika, juu yanaelea mabonge kama mtindi. Halafu rangi inakuwa nyeusi iliyofifia, haing'ai. Vitu vyote ninavyo: tangawizi, iliki, mdalasini, majani ya kawaida ya dukani. Nimejaribu moto mdogo, nimejaribu moto mkubwa, ni yale yale. Nataka itoke nzito, rangi ya udongo mwekundu, ukiimimina kikombeni itoe povu. Na kesho iwe hivyo hivyo, keshokutwa hivyo hivyo, isibadilike ladha. Mgeni wangu anaamka saa kumi na moja alfajiri. Natanguliza shukrani.

Mtafuna Kashata
Siti ya mbele kabisa. Wajuzi wanakuja, mimi andazi ninalo.

Shangazi wa Kimara
Mdogo wangu, mchawi wako ni tangawizi mbichi. Ina kimeng'enya kinachokata protini ya maziwa. Itwange, itie kwenye maji matupu, ichemke kwa nguvu dakika tano hivi. Ikishapikwa hivyo haina ujanja tena. Ndipo utie majani. Maziwa yaje nyuma, na yawe ya leo. Yakiwa yameanza kuchacha hata usipotia tangawizi yatakatika tu. Maji nusu lita, maziwa nusu lita, majani vijiko viwili vidogo vya kujaa. Yakishaingia maziwa, acha ipande mara mbili, epua, chuja hapo hapo. Usiyaache majani ndani ya chupa ya chai, yanaendelea kutoa uchungu mpaka saa nne. Sukari baada ya kuchuja.

Sasa na mimi nikuulize. Mkeo yuko wapi?

Baba Wawili
Asante sana shangazi, nitafanya hivyo kesho. Mke yupo. Swali langu ni la chai.

Mkulima Limuru
Ndugu zangu wa Bongo mnajisumbua bure. Huku kwetu Limuru chai ilipandwa 1903, kwa hivyo tusikizeni kidogo. Maji na maziwa kwa sufuria moja, majani juu, sukari juu, wacha itokote mpaka itake kumwagika, basi. Hiyo ya kuweka maziwa kando ni mambo ya hoteli. Kama tangawizi yakusumbua tumia ile ya unga. Nikiwa shule ya bweni tulikuwa tunapewa strungi kwa kikombe cha plastiki, na kile kikombe kilikuwa na harufu ya maharagwe ya jana usiku. Nilipofunga shule mama akanipa chai ya maziwa nikalia. Hadi leo nikipewa chai bila maziwa najua sipendwi hapo.

Binti Mkunazini
Hebu niulize, chai ya maziwa na tangawizi ya nini? Sie kwetu iliki na mdalasini zatosha, tangawizi kaitie kwenye chai ya rangi. Na chai hiyo inanywewa na nini? Maana hamjasema. Chai peke yake si kitu. Mbaazi ziroweke usiku, asubuhi zichemshe mpaka zilainike, tia tui jepesi, kitunguu, pilipili nzima usiipasue. Tui zito mwisho, na ukilitia usiondoke, koroga, maana na tui nalo linakatika ukilipa mgongo. Hapo na mahamri ya moto. Marehemu bibi yangu alikuwa hamjui mgeni kwa jina, alikuwa anamjua kwa idadi ya mahamri aliyokula. "Yule wa saba" ndiye mjomba wangu mpaka leo.

Fundi Pampu
Wote mmejibu kukatika, hakuna aliyejibu rangi. Mkuu, unatumia maji ya kisima? Visima vingi vya Dar maji yake yana chumvi na madini. Ukipikia chai inakuwa nyeusi ya kufifia na juu inaweka utando kama mafuta. Majani hayana kosa. Chukua maji ya bomba au ya mvua upikie chai tu, uone.

Baba Wawili
Mkuu Fundi, umenigusa. Ni ya kisima. Ile ya zamani alikuwa anachota dumu moja kwa jirani mwenye bomba, analiweka chini ya meza, watoto hawaruhusiwi kuligusa. Nilikuwa naona ni maringo tu. Kumbe ni la chai.

Shangazi wa Kimara
"Alikuwa." Nani alikuwa?

Mtafuna Kashata
Shangazi ameinuka kwenye kiti.

Baba Wawili
Sawa. Mke yuko kwa dada yake Kibaha tangu mwanzoni mwa mwezi. Mgeni ni mama yangu mzazi, kaja kutoka Tukuyu. Sikutaka kumpa presha, kwa hiyo nimemwambia mkamwana wake anafanya zamu za usiku, anarudi alfajiri, anapika chai, analala chumbani na asisumbuliwe. Kwa hiyo mimi ndiye napika kabla mama hajaamka, najaza chupa, naweka mezani. Kanga za mke naziloweka na kuzianika ili kamba isikae tupu. Ndiyo maana nilisema ladha isibadilike, maana mama alishawahi kuinywa chai yake na aliisifu. Naomba msinihukumu. Ni siku chache tu, mama akiondoka nitalimaliza na mke wangu taratibu.

Sista wa Zamu
Kaka, mimi ni nesi. Zamu ya usiku haiishi alfajiri, inaisha asubuhi kumekucha, tena ukimsubiri wa kukupokea na kumkabidhi wagonjwa unaweza kutoka saa mbili. Hakuna mtu aliyekesha akarudi saa kumi akatwanga tangawizi. Mama yako kama ana ndugu hata mmoja hospitalini, ameshajua. Na hilo nilitaka kulisema hata kabla ya habari ya mkeo: mama wa umri huo usimpe chai pamoja na chakula. Chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mchicha. Ale kwanza, chai ifuate baada ya saa moja hivi. Wamama wengi tunaowapima wana upungufu wa damu na wanasema wanakula mboga kila siku. Ukiuliza, kila mlo una kikombe pembeni.

Kilemba Cheupe
Mama amekubeba tumboni miezi tisa, leo unamwanikia kanga za uongo. Piga magoti mbele yake useme ukweli. Uongo hauna miguu mirefu. Vijana wa siku hizi mmesoma sana lakini adabu hakuna.

Fundi Pampu
Mzee Kilemba tulia kwanza. Mimi nimeshika hapo "Tukuyu". Mkuu, mama alikuwa anafanya kazi gani huko?

Baba Wawili
Alikuwa anachuma chai Katumba. Kwa nini?

Fundi Pampu
😂😂😂 Mwanamke aliyechuma majani mawili na chipukizi maisha yake yote, wewe unamdanganya kwa chai! Si bora ungemdanganya kwa pilau.

Mkulima Limuru
Mimi mama yangu alichuma pia. Huyo hata ukimpa kikombe amefumba macho atakwambia majani yamekaa karibu na sabuni. Kwanza unayaweka wapi? Majani yanavuta harufu haraka. Yawe kwa mkebe unaofunga, mbali na pilipili na mafuta ya taa.

Baba Wawili
Yako kwenye kopo moja na iliki.

Shangazi wa Kimara
Yatoe humo. Na tujibu lingine: mke aliondoka kwa nini?

Baba Wawili
Ni mambo ya ndani, shangazi.

Shangazi wa Kimara
Ya ndani umeyaleta sebuleni mwenyewe. Sema.

Baba Wawili
Mke wangu anacheza mchezo wa kuchangishana hela na wenzake sokoni. Zamu yake ilifika, kijumbe, yule anayekusanya hela, akamletea laki sita. Siku hiyo hiyo nikapigiwa simu kwamba nyumba ya mama inavuja, masika ya Tukuyu mnayajua. Nikanunua bati 20 nikazituma. Nilikusudia kuzirudisha hela mwisho wa mwezi. Na mama nilimwambia bati zimetoka kwa mkamwana wake, kwa sababu nilitaka wapendane. Sasa mama amepanda basi kuja kumshukuru. Kaleta ndizi, maparachichi, na kuku wawili wamefungwa miguu. Kila jioni ananiuliza, "Ataamka saa ngapi nimpe mkono?"

Na kabla hamjaanza: sikuiba. Ni nyumba moja, hela moja. Angekuwa mama yake ndiye ananyeshewa ningefanya hivyo hivyo.

Sista wa Zamu
Ungefanya hivyo hivyo kwa hela ya nani?

Binti Mkunazini
Yaani kuku wawili waletewe mtu hayupo. Mie nimeinamisha kichwa kwa aibu, na si uzi wangu.

Kilemba Cheupe
Hata hivyo mwanamke naye kukimbilia kwa dada kwa sababu ya laki sita si tabia ya ndoa. Zamani bibi zetu walivumilia.

Shangazi wa Kimara
Bibi zetu walivumilia kwa sababu nauli haikuwepo. Tusikimbie hoja.

Mzee wa Hoja
Nimesoma kimya kimya mpaka hapa. Wakuu, mnapigwa chai, yaani mnatungiwa uongo. Angalieni wenyewe. Mtu anajiita Baba Wawili, ina maana ana watoto wawili. Bibi yuko nyumbani, watoto wako nyumbani, na hakuna mtoto hata mmoja aliyesema "bibi, mama hayupo"? Watoto wa nchi gani hao? La pili, chumba kimefungwa siku nzima na mama wa Kinyakyusa hajabisha hodi? La tatu, nimeingia kwenye nyuzi zake za zamani: Februari aliuliza mahari ya Kinyakyusa siku hizi ni ng'ombe wangapi. Mwenye mke anauliza mahari ya nini? Huyu hana mke, hana sufuria, anatunga.

Mtafuna Kashata
Nilijua. Uzi wa chai, kumbe ni chai yenyewe. Nirudishieni andazi langu.

Baba Wawili
Mzee wa Hoja, mahari nilimuulizia mdogo wangu. Mtoto mkubwa yuko bweni, mdogo ana miaka miwili na yuko na mama yake Kibaha. Mama nimemwambia mdogo yuko kwa shangazi yake kwa sababu ya surua mtaani. Na chumba nimefunga kwa ufunguo.

Mzee wa Hoja
Na yule mtoto asiyeruhusiwa kugusa dumu ni yupi? Uliandika "watoto". Kila shimo unalizibia na uongo mwingine mpya. Weka picha ya sufuria, tuone maziwa yaliyokatika.

Baba Wawili
Watoto walikuwa wote nyumbani wakati huo, likizo. Siweki picha ya jiko langu humu.

Mkulima Limuru
Mimi naona ni ukweli. Mtu akitunga hatungi mdalasini.

Fundi Pampu
Mimi naona nusu kwa nusu. Ila kopo la majani na iliki pamoja, hilo ni kweli, hilo halitungiki.

Sista wa Zamu
Iwe kweli iwe uongo, yupo mwingine humu anasoma na hela ya mchezo ya mkewe iko mfukoni mwake. Na huyo naye nimemwambia.

Binti Mkunazini
Halafu hizo ndizi za mama unazifanyaje? Usiniambie zinaivia kwenye ndoo.

Baba Wawili
Mama anapika mbalaga mwenyewe. Anaziweka na nyama kidogo na nyanya, sijui anatia nini tena. Anabakiza sahani moja kwa ajili ya mkamwana. Inabidi niile mimi usiku mama akishalala. Nimenenepa.

Mzee wa Hoja
Haya, hapo kwenye kunenepa umenichekesha hata mimi. Lakini bado ni chai.

Baba Wawili
Mrejesho, wakuu. Leo nimefanya kama alivyosema shangazi, tangawizi kwanza, na maji nimechota bombani kwa yule jirani. Haikukatika. Rangi imetoka. Mama kanywa vikombe viwili, hakusema kitu, akaosha kikombe chake. Halafu akaniuliza gari za Kibaha siku hizi zinapandiwa Mbezi au wapi.

Mimi sijawahi kumtajia Kibaha. Nimejaribu kumpigia mke, simu inatumika. Nifanyeje? Nilikuwa nimepanga kumwambia mama kwamba zamu imeongezwa hadi Jumapili.

Fundi Pampu
Simu inatumika kwa sababu anaongea na mama yako, mkuu. 😂

Kilemba Cheupe
Nilisema magoti. Hamkunisikia.

Shangazi wa Kimara
Achana na zamu. Mpeleke wewe mwenyewe, na kuku wale wawili muende nao. Ila usipande gari hilo na maneno mdomoni, panda na hela ya kijumbe mkononi. Kopa, uza simu, utajua mwenyewe. Usipokuwa nayo, mwache mama aende peke yake, atakusemea vizuri kuliko utakavyojisemea.

Baba Wawili
Laki nne ninayo. Nafikiri laki nne inaonesha nia.

Sista wa Zamu
Walimpa laki ngapi?

Baba Wawili
Sita.

Sista wa Zamu
Basi umeshajijibu.

Mzee wa Hoja
Sehemu ya pili itoke lini? Nataka kujua kuku wamefika.

Muuza Majani
Samahani kwa kuingilia. Nauza majani ya chai moja kwa moja kutoka kiwandani, madaraja ya PF1 (chembe ndogo) na vumbi, mazito, hayana kuchanganywa. Kijiko kimoja kinatosha mahali ulipokuwa unatia viwili. Karibuni inboksi.

Binti Mkunazini
Unguja mwatuma?

Muuza Majani
Natuma kwa boti dada, kuanzia kilo tano.

Binti Mkunazini
Kilo tano nitamnywesha nani? Nipimie moja.