Gitaa kavu ukiwa umekaa: kibao cha mguu, mkanda, au kishikizi cha pajani?

Nyuzi6_Moro:
Wakuu, habari za jioni. Ndugu yangu anatoka Dar Jumamosi na amekubali kunibebea mzigo, kwa hiyo naomba ushauri wa haraka. Nikikaa kupiga gitaa, dakika ishirini hazifiki mgongo unaanza kuuma na mkono wa kulia unakufa ganzi. Nimeona njia tatu: kibao cha kuwekea mguu, mkanda wa kuvaa hata ukiwa umekaa, au kile kishikizi cha chuma chenye vikombe vya mpira vinavyonasa ubavuni mwa gitaa, kikakaa pajani. Nichukue kipi?

FundiKano:
Gitaa gani, mkuu? Nyuzi za chuma au za nailoni? Unaliweka paja lipi? Na unakalia nini? Hujasema hata moja, tutakushaurije?

MamaKwaya:
Ganzi iko vidole vipi? Hilo nalo useme. Kidole kidogo na cha pete si sawa na mkono mzima.

Mwl_PajaLaKushoto:
Chukua kibao. Nafundisha watoto gitaa na wote naanza nao hapo. Mguu wa kushoto unapanda sm 12 hadi 15, kiuno cha gitaa kinakaa paja la kushoto, kitako kinaegemea ndani ya paja la kulia, mgongo wa gitaa unagusa kifua, na mkono wa kulia unatua juu. Gitaa limeshikwa sehemu nne kabla kiganja cha kushoto hakijagusa shingo. Kichwa cha gitaa kinapanda hadi usawa wa macho, na kifundo cha mkono wa kushoto kinanyooka chenyewe. Mpiga gitaa Francisco Tárrega wa Hispania alikaa hivyo tangu karne ya 19, na wapigaji wa klasiki wakamfuata. Tena usiagize Dar, seremala yeyote atakutengenezea kwa mabaki ya mbao.

Mzee_Galatoni:
Mwalimu, kwa heshima, hiyo ni klasiki. Sisi tulijifunza kwenye kigoda, gitaa paja la kulia, na tumepiga hadi alfajiri. Mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, alizitoa besi na sauti ya juu kwa pamoja kwa dole gumba na kidole cha shahada tu. Kinachohitajika ni mabega kulegea.

Mwl_PajaLaKushoto:
Mzee wangu, shikamoo. Ila Bosco alikuwa na kipaji, huyu ndugu anaumwa mgongo.

Nyuzi6_Moro:
Samahani, nilisahau kueleza. Ni Yamaha F310, nyuzi za chuma. Naweka paja la kulia. Nakalia kiti cha plastiki cha sebuleni, kile chenye mikono. Napiga kwa vidole, nikichoka natumia piki, kile kipande cha plastiki cha kuchapia nyuzi. Mgongo unauma chini upande wa kushoto, na ganzi inaanzia chini ya kiwiko inakwenda kidole kidogo.

FundiKano:
Kiti hicho ndicho cha kwanza kuondoka, kabla hujatoa shilingi. Kinalala nyuma, kwa hiyo unakunja kiuno ili uendelee kuona nyuzi. Mkono wa kiti wa kulia unakisukuma kitako cha gitaa mbele, shingo inakuja kifuani, na wewe unajipinda kuifuata. Tafuta benchi au stuli isiyo na mikono, magoti yawe usawa wa nyonga, ukae ukingoni.

Halafu F310 ina bodi pana, na kitakoni kina chake kinakaribia sm 12. Ukining'iniza mkono juu yake, ukingo wa ubao unakandamiza nyama ya mkono hapo hapo chini ya kiwiko. Sogeza mkono nyuma kidogo, ukingo uangukie kwenye nyama nene. Na usililaze gitaa chali tumboni ili uone freti, vile vyuma vya shingoni. Alama ziko ubavuni mwa shingo, soma hizo.

MamaKwaya:
Ganzi ya kidole kidogo ni mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko. Ikibaki hata baada ya kuweka gitaa chini, nenda hospitali. Usisubiri.

Kwa upande wangu mkanda. Hakuna aliyegusa hili: napiga kanisani nikiwa na gauni. Kibao kinataka uachanishe mapaja mbele ya waumini, hakinifai kabisa. Nimefunga mkanda mfupi, gitaa limelala katikati ya kifua na tumbo, nikisimama kwenye kiitikio halishuki hata sentimita. Miguu yote miwili iko sakafuni. Mwenye kifua kikubwa au mfupi kama mimi ajaribu hivi kwanza.

Mwl_PajaLaKushoto:
Hilo la gauni nimelipokea, dada. Nina wasichana watatu darasani na sikuwahi kuwauliza.

Tanga_Pwani:
Nami niseme kuhusu kishikizi, maana nusura nilie. Marehemu mjomba aliacha gitaa la nyuzi za nailoni, limepakwa vanishi nyembamba ya mkono, ile ya kusugua kwa kitambaa. Nikaagiziwa kishikizi cha vikombe. Siku za kwanza nilifurahi mno: miguu yote chini, mgongo umenyooka, gitaa liko juu kama la mwalimu hapo juu. Kila nusu saa kikombe kilikuwa kinabanduka, nikawa nalamba mpira kidogo ili unase. Jioni moja ya mwezi wa pili, joto la huku mnalijua, umeme umekatika, nikaliegemeza ukutani kishikizi kikiwa bado kimenasa, nikalala. Asubuhi nikavuta ule mpira. Ukatoka na ngozi. Vanishi ilibanduka duara kama alama ya kikombe cha chai mezani, na pembeni yake mikunjo midogo midogo kama ngozi juu ya maziwa. Nikapeleka kwa fundi, akasugua kwa msasa bila kuniuliza, sasa ubavu una doa jeupe kubwa kuliko lile la mwanzo. Mama kila akiliona anakaa kimya. Mwenye vanishi ya kusugua asithubutu, na hata yenye vanishi ngumu ukimaliza ubandue.

FundiKano:
Pole sana. Na kwenye gitaa lisilong'aa vikombe havishiki kabisa.

Tanga_Pwani:
Ila kwa haki: mgongo wangu ulipona kwa kishikizi. Kibao kilikuwa kinaninyanyua nyonga moja, kiuno kinapinda. Nyuzi6, na wewe maumivu yako ni kushoto.

Mwl_PajaLaKushoto:
Kibao kikizidi kimo ndiyo. Sm 12 haipindi mtu.

Mzee_Galatoni:
Kwani mnajua galatoni ni nini? Vijana wanadhani ni jina la utani. Ni Gallotone, magitaa yaliyotoka Afrika Kusini. Lile la kwanza la John Lennon wa Beatles lilikuwa la kampuni hiyo hiyo.

FundiKano:
Mzee, sikulijua hilo! Lilikuwa na shingo nene kweli?

Mzee_Galatoni:
Nene, na nyuzi ziko juu, vidole vinachimbika. Lakini bodi ndogo, inakumbatika. Ndiyo maana hatukuhitaji kibao.

Nyuzi6_Moro:
Nimetoa benchi la jikoni, nimeweka tofali la kuchoma chini ya mguu wa kushoto, nimepiga nusu saa. Kodi ya F, ile ya kubana nyuzi zote, imelia safi kwa mara ya kwanza, kifundo hakikukunjika. Ganzi haikuja. Lakini gitaa linateleza pajani kuelekea kulia, nalishikilia kwa kiwiko.

FundiKano:
Kiuno cha F310 hakijaingia ndani kama cha klasiki, hakina pa kukalia. Weka kitambaa cha mpira pajani, kile cha kuzuia zulia lisiteleze.

MamaKwaya:
Au mkanda pamoja na tofali. Angalia kama kitakoni mwa gitaa kuna kitufe cha kufungia mkanda. Upande wa pili funga kamba kichwani, chini ya nyuzi, nyuma ya ule mfupa mdogo unaozibeba. Ukitaka kitufe cha shingoni, usimruhusu mtu akaze skrubu bila kutanguliza tundu dogo.

Mzee_Galatoni:
Kamba kichwani inavuta shingo chini. Mimi siipendi.

MamaKwaya:
Miaka sita, mzee, haijavuta.

Nyuzi6_Moro:
Mkanda ni bei gani Kariakoo? Ndugu yangu anaondoka kesho asubuhi.

Mzee_Galatoni:
Na umefunga nyuzi namba ngapi, yaani unene? Kama ni 12, shuka 11 kwanza, vidole vitapumua.